Trove ya Australia: riviu ya mtu anayepanga kuskani magazeti ya zamani ya Kiswahili

Kwa wote mnaohangaika na magazeti ya zamani, iwe ni maktaba, shule, ofisi ya gazeti lenyewe au familia iliyoachiwa na babu mabunda ya Ngurumo na Mambo Leo, naomba mnisikilize kwenye hili. Kila kikao cha kupanga kuskani magazeti kinaanza na skana. Skana gani, bei gani, inapatikana wapi, nani anakuja kutoka nje atubebee. Mimi nasema skana ije mwishoni kabisa. Kwanza nenda katafute huduma ambayo imeshafanya hiyo kazi ikaimaliza, itumie kama msomaji wa kawaida, tafuta vitu unavyovijua, ona wapi inakurahisishia na wapi inakuchosha, halafu ndo urudi kwenye kikao ukiwa unajua unataka msomaji wako apate nini. Huduma niliyoipitia mimi ni Trove ya Maktaba ya Taifa ya Australia na ninaipa nyota nne na nusu kati ya tano.

Kwa asiyeijua, Trove ni mtandao wa bure kabisa, hulipii, hulazimishwi kufungua akaunti, unaingia tu unaanza kusoma. Mradi wao wa magazeti ulianza 2007, mwaka uliofuata wananchi wakafunguliwa waanze kuyaona, na Trove kwa jina hilo ikaja 2009. Humo ndani kuna magazeti kuanzia Sydney Gazette la 1803, mengi yanakomea 1954 kwa sababu za hakimiliki, ila machache yamevuka, mfano Canberra Times limefika hadi 1995 na jarida la Australian Women's Weekly hadi 1982. Na sio magazeti makubwa ya Sydney na Melbourne peke yake, kuna vijigazeti vya miji midogo ambavyo hata Waaustralia wengi hawajawahi kuvisikia, hapo ndo utamu ulipo.

Utaniuliza sasa Mswahili anatafuta nini kwenye magazeti ya Australia. Andika Zanzibar, weka mwaka 1896, uone. Ile vita ya tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipoipiga mizinga ikulu ya Unguja baada ya Khalid bin Barghash kukalia kiti, ilifika kule kwa telegrafu na magazeti yakaichapa. Andika Kongwa au Nachingwea kati ya 1947 na 1951 unaukuta ule mradi wa karanga wa Waingereza Tanganyika, ulioanza kwa tambo nyingi ukaishia kufutwa, unaweza kuufuatilia habari kwa habari kuanzia matumaini mpaka maswali ya pesa imeenda wapi. Ila jaribio nililolipenda kuliko yote ni la meli ya HMS Pegasus, ile iliyozamishwa na manowari Königsberg ya Mjerumani pale pale bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Hiyo meli kabla ya kuja huku kwetu ilikuwa imetumikia miaka mingi upande wa Australia, kwahiyo watu wa kule walikuwa wanaijua, sio jina tu la kwenye telegramu. Ukiandika Pegasus na Zanzibar ukaweka 1914, matokeo yanamiminika, gazeti kubwa limeweka habari ndefu, vijigazeti vya mashambani vimeikata vikabakiza mistari michache, vingine vimeongezea maneno yao kuhusu meli waliyoizoea bandarini kwao. Mtu anayeandika historia ya Unguja akiwa amekaa Mwanakwerekwe anapata hayo yote bila kupanda ndege. Fikiria sasa mtoto wa shule ya Tanga angeweza kufanya hivyo hivyo kwa Kiongozi, lile gazeti la hapo hapo Tanga la enzi za Mjerumani, au mwanafunzi wa ushairi akatafuta mashairi ya Shaaban Robert yalivyotoka kwenye Mambo Leo, na majibizano ya washairi wengine yakiwa pembeni yake kama wasomaji wa wakati ule walivyoyaona.

Kutafuta kwenyewe ni rahisi. Unaandika neno, unachagua sehemu ya magazeti, halafu pembeni unachuja kwa miaka, kwa jimbo, kwa jina la gazeti, kwa aina ya habari, yaani kama unataka matangazo ya biashara tu unachagua matangazo, unataka tanzia na ndoa unachagua matangazo ya kifamilia, unataka zenye picha unachagua zenye picha. Hii ya kuchuja kwa aina ya habari nawaomba wanaopanga miradi waiangalie kwa makini sana, maana watu wetu wengi wakifika kwenye magazeti ya zamani hawatafuti siasa kama tunavyodhani, wanatafuta jina la babu, matokeo ya mitihani, nani alihamishwa kutoka Korogwe kwenda Songea, bei ya katani, bei ya baiskeli, barua za wasomaji.

Ukibofya habari moja ndo unaona kwanini naisifia. Upande mmoja kuna picha ya ukurasa wenyewe, imeshakukuzia mpaka kwenye hiyo habari, na upande mwingine kuna maandishi ambayo mashine imeyasoma kutoka kwenye picha, yamepangwa mstari kwa mstari. Mashine ikisoma karatasi kuukuu inakosea, hilo halina mjadala, herufi i inageuka l, c inageuka e, r na n zikikaribiana zinageuka m, mahali gazeti lilikunjwa mstari mzima unakuwa takataka. Badala ya kuficha hayo makosa Trove wameyaweka wazi na pembeni wameweka kitufe cha kusahihisha. Unabonyeza, mistari inafunguka, ukigusa mstari wa maandishi mstari huo huo unawekewa alama kwenye picha ili macho yasipotee, unasoma kwenye picha, unaandika ilivyo sahihi, unasevu. Basi. Hakuna bosi wa kuidhinisha, hakuna kusubiri. Toleo la zamani linabaki kwenye historia kwahiyo mtu akiharibu linarudishwa, na mtu anayefuata akitafuta anatafuta kwenye maandishi uliyosahihisha wewe.

Rose Holley aliyekuwa anausimamia mradi mwanzoni aliandika kwa uwazi jinsi walivyoamua kuwaamini wananchi kiasi hicho, na hofu ya watu kuingia na kuvuruga haikutimia. Leo mistari iliyosahihishwa na watu wa kujitolea ni mamia ya mamilioni. Wapo wastaafu wanaokaa asubuhi na chai yao wanasahihisha gazeti la mji waliozaliwa, na majina yao yanaonekana kwenye orodha ya waliosahihisha zaidi, wanajivunia. Naamini kwa dhati hii kitu kwetu ingefanya kazi vizuri pengine kuliko kule. Wazee wetu waliosoma Mambo Leo utotoni wapo, walimu wastaafu wapo, na Wazanzibari na watoto wao walioko Oman na Uingereza wanayajua majina ya mitaa na ya watu wa Unguja ambayo hakuna mashine itayapatia. Kinachotakiwa ni kuwatengenezea mlango wa kuingilia, na huo mlango unapangwa mwanzoni kwenye mchoro wa mradi, ukija kuukumbuka mwaka wa tatu utabomoa ukuta.

Kitu kingine ambacho wengi hawakioni kwa sababu kiko nyuma ya pazia ni jinsi walivyogawa kazi. Sehemu kubwa ya magazeti yao hawakuskani karatasi, waliskani mikrofilamu, yaani filamu zenye picha ndogo ndogo za kurasa, ambazo maktaba zao zilishapiga miaka ya nyuma, halafu ukurasa ukakatwa vipande vya habari moja moja, mashine ikasoma, na watu wakaandika upya kwa mkono vichwa vya habari na mistari minne ya kwanza ya kila habari. Hiyo akili ni kubwa sana. Huwezi kusahihisha kila kitu, pesa haitoshi, lakini kichwa na mistari ya kwanza ndo inayobeba majina, mahali na tukio, kwahiyo ukisahihisha hapo tu tayari mtafutaji anapata sehemu kubwa ya anachotaka.

Sasa tuje kwenye Kiswahili, maana hapa ndo kikao chetu kinatakiwa kukaa muda mrefu. Kwanza nianze na habari njema, lugha yetu haina vinyota na vidoti juu ya herufi, programu za kusoma picha zinaiweza. Tesseract ambayo ni ya bure ina kifurushi cha Kiswahili, unakishusha unaanza kazi hata kwenye laptopu ya kawaida. Tatizo ni urefu wa maneno. Chukua mashine inayopatia herufi 98 kwenye kila 100, mtu akikuambia asilimia 98 unashangilia. Lakini neno la herufi tatu lina nafasi kubwa ya kutoka salama, neno kama walipoondoka lina herufi 12, na kila herufi ina nafasi yake ya kukosewa, ukipiga hesabu takriban neno moja katika kila matano ya urefu huo linatoka na kosa. Mtafutaji akiandika neno lililo sahihi halioni hilo lenye kosa. Ndo maana mtu akikuletea asilimia za usahihi wa herufi mwambie akupe za maneno, tena maneno ya Kiswahili kutoka kwenye ukurasa wako uliochakaa, sio ukurasa msafi wa kitabu.

Pili ni jinsi tunavyotafuta. Mashine za kutafuta za wenzetu zimezoea lugha ambayo neno linabadilika mwishoni, wanakata mkia wanabaki na shina. Kwetu mabadiliko mengi yapo kichwani na katikati, analima, walilima, tutalima, hawakulima, anayelima, na mtu aliyeandika lima anavitaka vyote hivyo. Ukichukua programu ya kutafuta ukaiweka kama ilivyotoka dukani, mtu ataandika neno sahihi kabisa, gazeti linalo, na jibu litakuja hamna. Njia ipo, unamwambia fundi wa programu aandae faharasa kwa vipande vya herufi tatu tatu badala ya neno zima, au atumie kichambuzi kinachojua viambishi vya Kiswahili, vyote vinawezekana ila viandikwe kwenye mkataba kabla. Na aambiwe pia kuhusu ng'ombe na ng'ambo, kile kialama cha juu kwenye magazeti ya zamani kinatoka kwa namna nyingi au kinapotea kabisa, kwahiyo mashine itafute bila kukijali. Na majina ya miji, magazeti ya Mjerumani yanaandika Daressalam kwa neno moja, msomaji wa leo ataandika Dar es Salaam, lazima pawe na orodha ya majina ndugu nyuma ya kisanduku cha kutafutia.

Nisifie na kuonya kwa pamoja kwenye hili la kukata habari moja moja. Kwa msomaji ni raha tupu, hasa kwenye simu, unasoma habari yako bila kuburuza ukurasa mzima wenye safu saba. Lakini ni kazi ya gharama, kuna mtu au programu inabidi iamue habari inaanzia wapi na inaendelea ukurasa gani. Wamarekani kwenye Chronicling America, iliyofunguliwa 2007 na Maktaba ya Bunge lao pamoja na mfuko wa taifa wa taaluma za utu, waliamua kuishia kwenye ukurasa, ukitafuta neno unapelekwa kwenye ukurasa mzima na neno limewekewa rangi, unalitafuta kwa macho. Sio tamu kama Trove lakini ni nafuu zaidi, na maelekezo yao ya kiufundi yapo wazi mtandaoni bure, faili za aina gani, ubora gani, majina ya faili yakaeje, mtu yeyote anayaokota. Kwa mradi wa kwetu wenye mfuko mdogo mimi nasema fuateni Wamarekani kwenye kukata na Waaustralia kwenye kusahihisha. Ukurasa mzima kwanza, habari moja moja baadaye pesa ikipatikana, muhimu ni kuhifadhi zile alama za neno liko wapi kwenye ukurasa, kuna fomati inaitwa ALTO inabeba hizo alama na Tesseract matoleo ya sasa inaitoa yenyewe. Ukizihifadhi, kukata baadaye kunawezekana bila kuskani upya. Waingereza nao wana British Newspaper Archive, ni kubwa na nzuri ila kusoma kwa wingi ni kwa kulipia, na mimi msimamo wangu ni kwamba magazeti ya babu zetu wajukuu wasiyasome kwa kadi ya benki.

Turudi kwenye picha zenyewe, kwa sababu Trove pia inakufundisha kitu kwa udhaifu wake. Picha zao nyingi ni za weusi na weupe kutoka kwenye mikrofilamu, na mikrofilamu ilipokuwa na giza au mkunjo ile kasoro inakaa humo milele. Kwetu magazeti mengi yapo kwenye karatasi, na karatasi ya gazeti imetengenezwa kwa mbao za bei rahisi, ina asidi, inageuka njano inakatika pembeni kama chapati iliyokauka, kwahiyo yawezekana kabisa kwamba utakapoligeuza hilo ndo litakuwa geuzo la mwisho. Piga mara moja, piga vizuri. Wenzetu wanataka doti 300 hadi 400 kwa inchi. Sasa piga hesabu na kamera ambayo watu wengi tunayo, ya megapikseli 24, upande mrefu una pikseli 6000. Ukurasa wa A3 una inchi 16 na nusu kwa urefu, unapata kama doti 360, safi, unafaa. Ukurasa mkubwa wa saizi ya A2 una inchi 23 na kitu, unashuka hadi kama 256, hapo haifai, itabidi upige nusu ukurasa mara mbili na kuziunga. Kwahiyo kabla hujanunua chochote chukua rula ukapime magazeti yako. Zile skana za kusimama juu ya meza zinazouzwa sana, nyingi zinaishia A3, na kuna watu wataagiza halafu wagundue gazeti lao halienei.

Na uzito wa faili. Ukurasa huo wa A2 kwa doti 400, rangi ya kijivu, bila kubana, ni kama megabaiti 62. Ukitaka rangi kamili zidisha kwa tatu. Kurasa 10,000 za kijivu ni zaidi ya gigabaiti 600, na kwa kuwa unatakiwa uwe na nakala tatu, moja ikiwa imekaa mji mwingine kabisa, tayari unakaribia terabaiti mbili. Hizo ni za kuhifadhi, za msomaji unazibana zinakuwa ndogo sana, na hapa naikata Trove ile nusu nyota. Imejengwa kwa ajili ya watu wenye intaneti ya kasi na kompyuta ya mezani, picha ya ukurasa mzima ni nzito kwa mtu anayetumia bando la siku, na kila kitu cha kubonyeza kiko kwa Kiingereza. Maandishi pekee yanafunguka haraka, na unaweza kushusha habari kama maandishi, picha au PDF, hilo nawapongeza. Ila kwa msomaji wetu aliyeko Kigoma na simu yake ya kawaida, maandishi yaje kwanza, picha aifungue akitaka, na aoneshwe uzito wake kabla hajabonyeza.

Jambo ambalo wapangaji wengi hawalipi uzito, na Trove imelipitia mbele ya macho ya dunia, ni pesa ya baada ya kuskani. Mwishoni mwa 2022 maktaba ilitangaza kwamba fedha za kuiendesha zinaisha katikati ya 2023 na huduma inaweza kufungwa. Australia hiyo, nchi tajiri, huduma inayopendwa na taifa zima. Watu wakapiga kelele, Aprili 2023 serikali ikatoa dola za Australia milioni 33 kwa miaka minne na kuahidi milioni 9.2 kila mwaka baada ya hapo. Sisi tunaomba ruzuku ya miaka miwili, tunanunua mashine, tunaskani, tunapiga picha na mgeni rasmi, ruzuku ikiisha hakuna wa kulipia seva na jina la tovuti, kiungo kinakufa na hadi disk inabaki kwenye droo ya mtu ambaye ameshahamishwa kituo. Kila habari kwenye Trove ina anwani yake ya kudumu, aliyeinukuu kwenye tasnifu miaka kumi iliyopita kiungo chake bado kinafungua. Hiyo anwani ya kudumu ni ahadi, na ahadi ina bili kila mwezi. Kwenye bajeti yetu mimi nimependekeza mstari wa kuendesha uandikwe kabla ya mstari wa vifaa, na tusianze mpaka kuna taasisi, chuo au maktaba, imekubali kwa maandishi kuubeba.

Nimetaja mkataba, niseme na hili. Kuna kampuni moja ya kuskani tulikwenda kuongea nayo, sitaitaja, wakatupa bei ya kila ukurasa nzuri tu inayovutia. Nikauliza tutapewa faili gani, wakasema PDF. Nikauliza TIFF za asili, yaani zile picha kubwa ambazo hazijabanwa, je, wakasema hizo wanafuta wakimaliza ili kupata nafasi. Nikauliza magazeti yaliyojalidiwa mtayafanyaje, jibu likawa wanakata mgongo yapite kwenye mashine, tena wamejibu kwa wepesi kabisa kama vile ni jambo la kawaida. Jamani, gazeti limeishi miaka tisini, limepona mchwa na mafuriko, lije kufa kwenye mashine ya fotokopi? Yaliyojalidiwa yanafunguliwa kwenye kitanda cha umbo la V, nusu wazi, yanapigwa kwa kamera kutoka juu, mgongo hauguswi. Kwahiyo mkienda kwa mtu yeyote ulizeni hayo matatu, faili za asili nani anabaki nazo, yaliyojalidiwa yanashikwaje, na ukurasa uliotoka vibaya nani anaurudia kwa gharama ya nani.

Tulichokubaliana kwa sasa ni kuanza na jarida moja na mwaka mmoja, tukalipitisha njia nzima mpaka msomaji analitafuta kwenye simu. Kabla ya kamera kuwashwa kila toleo linahesabiwa, linapangwa kwa tarehe, linaandikwa kwenye daftari lina kurasa ngapi, zipi zimechanika, zipi hazipo, na toleo lisilokuwepo linaandikwa halipo ili asije mtu kudhani tumelisahau. Jina la faili linaanza na jina la gazeti, mwaka, mwezi, siku, ukurasa, kwa mpangilio huo huo siku zote, mamboleo_1931_05_00_p03, sifuri mbili mahali pa siku kwa kuwa Mambo Leo lilikuwa la kila mwezi, ili kompyuta izipange yenyewe bila mtu kuhangaika. Halafu wasomaji watano ambao hawakushiriki kabisa wanapewa maswali kumi, mtafute fulani, tafuta bei ya kitu fulani, na tunakaa nyuma yao kimya tunaangalia wanakwama wapi. Trove nimewafungulia wote waichezee kwanza, ili wajue kitu kizuri kikoje na wasituhurumie.

Na kwa aliye na magazeti ya zamani nyumbani wakati sisi tunapanga, tafadhali usiyapige laminesheni, hiyo haitoki tena. Usibandike soltepu, gundi yake inakula karatasi na kuacha doa la kahawia. Pini za kutu zitoe taratibu, yalaze yasisimame, yafunge kwenye boksi, yaweke mbali na dirisha na sakafu, na andika juu ya boksi ni gazeti gani na miaka gani. Kama kuna kurasa huna, andika pia ni zipi, maana yawezekana jirani yako anazo.